Kununua nyumba Massachusetts kwa ajili ya shule: pima wilaya ya pamoja kabla hujaweka sahihi

Wazazi wenzangu mlioko Lowell, Worcester, Springfield na pande hizo, najua wengi wenu mmefika pale pa kununua nyumba. Mmepiga shifti za usiku miaka na miaka, malipo ya mwanzo yametimia, benki imekubali, na sasa swali la kila siku kwenye simu na baada ya kanisa au msikitini ni moja tu, tuhamie wapi penye shule nzuri. Na jibu nalo ni lile lile, fungua app ya nyumba, angalia namba ya shule, ikiwa 8 nunua, ikiwa 4 endelea kutafuta. Mimi nasema hiyo namba iwekeni mwisho kabisa, hasa nyinyi mnaotoka mjini mnaangalia miji midogo kama Groton, Dunstable, Pepperell, Stow, Holden, Rutland, Wilbraham, manake huko mara nyingi shule si ya mji mmoja. Ni ya miji miwili, mitatu, hata mitano imeungana, ndiyo inaitwa wilaya ya pamoja, na kura ya watu wa mji ambao wewe huishi inaweza kumwondoa mwalimu wa mtoto wako au kukupandishia ushuru wa nyumba.

Ukitaka kuielewa haraka fikiria chama. Kila mwanachama anachanga kulingana na katiba ya chama, mmoja akikataa mchango mpya nyote mnakwama, na mtu anayejiunga leo anarithi madeni na makubaliano ya miaka ya nyuma hata kama hakuwepo. Hakuna mtu mwenye akili anajiunga na chama bila kusoma katiba na bila kuuliza nani hachangi. Basi hivyo ndivyo tutakavyofanya hapa, hatua kwa hatua, na nyingi unaweza kuzimaliza na simu yako tu jioni mbili tatu.

Hatua ya 1: Jua nyumba iko mji gani, na mji huo umeungana na nani

Massachusetts ina miji 351 na karibu kila kitu cha shule kinafuata mpaka wa mji. Sasa tatizo la kwanza ni kwamba anwani ya posta na mji wa kweli saa ingine havilingani, nyumba inaandikwa jina la mji huu kwenye tangazo na ushuru inalipa mji wa jirani, sana sana zile ziko karibu na mpaka. Ingia kwenye tovuti ya mji, tafuta ofisi ya mthamini wa mali, weka anwani uone kama nyumba imo kwenye daftari lao. Mji unaoitoza nyumba ushuru ndio mji wako, na ndio unaoamua mtoto anasoma wapi.

Halafu angalia huo mji uko wilaya gani, na hapa usiridhike na jina la haiskuli peke yake. Kuna wilaya za pamoja zinazochukua mtoto kuanzia chekechea mpaka darasa la 12, kama Groton-Dunstable, Nashoba (Bolton, Lancaster na Stow), North Middlesex (Pepperell, Townsend na Ashby), Wachusett (Holden, Paxton, Princeton, Rutland na Sterling), na Acton-Boxborough ambayo mpaka 2014 ilikuwa inaunganisha madarasa ya juu tu. Na kuna zile zimeungana kwa haiskuli peke yake. Lincoln-Sudbury ni darasa la 9 mpaka 12, chini ya hapo Lincoln ina shule zake na Sudbury ina zake, kila moja na bajeti yake na kamati yake. Concord-Carlisle vile vile. Tantasqua kule upande wa Sturbridge inaanzia darasa la 7. Kwa hivyo ukiwa na mtoto wa miaka 5 na unasifiwa haiskuli, unasifiwa shule ambayo mtoto ataiona baada ya miaka 9, na hizo 9 zote atakuwa kwenye wilaya nyingine ambayo hata hujaiuliza jina. Pima zote mbili.

Kitu kingine watu wetu wanakisahau kabisa ni shule za ufundi, nazo ni wilaya za pamoja pia, na mipaka yake hailingani na hii ya kwanza. Angalia hii: Groton na Dunstable wana wilaya moja ya shule za kawaida, lakini mtoto wa Dunstable akitaka ufundi anaangukia Greater Lowell Tech pamoja na wa Lowell, Dracut na Tyngsborough, na wa Groton anaangukia Nashoba Valley Tech iliyoko Westford. Majirani, wilaya moja, shule mbili tofauti za ufundi zenye fani tofauti. Na hizi shule za ufundi hapa msizidharau, mtoto anatoka na haiskuli yake na cheti cha umeme au mabomba au usaidizi wa nesi, anaanza kazi au anaenda chuo, yote mawili yako wazi. Masharti ya kuingia yalibadilishwa 2025 na bodi ya elimu ya jimbo, kwa hivyo piga simu shule yenyewe uulize sasa hivi wanachaguaje, usitegemee hadithi ya mtoto wa rafiki aliyeingia miaka iliyopita.

Hatua ya 2: Soma mkataba wa wilaya

Hii ndio hatua kubwa kuliko zote na ndio hakuna mtu anaifanya. Kila wilaya ya pamoja ina mkataba ulioandikwa, miji yote imeukubali, na uko kwenye tovuti ya wilaya. Usipouona andikia ofisi ya supritendenti, yaani mkuu wa shule zote za wilaya, uombe, ni hati ya umma, watakupa. Saa ingine ni kurasa 15 tu. Ndani yake tafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni vile gharama za kila mwaka zinagawanywa. Mfumo wa kawaida uko hivi: jimbo linapiga hesabu ya kiwango cha chini ambacho kila mji lazima uchange, kwa kuangalia thamani ya nyumba za mji na mapato ya watu wake, halafu kile kinachozidi hapo miji inagawana kwa njia iliyoandikwa kwenye mkataba, na mara nyingi ni kwa idadi ya wanafunzi. Hapo kwa idadi ya wanafunzi ndipo penye kitu cha kuangalia. Tuseme miji miwili inagawana dola milioni 30, mji wako una asilimia 60 ya watoto, unalipa milioni 18. Miaka inapita, mji wa jirani wazee wamebaki na watoto wamepungua, kwako familia changa zinaingia, sasa una asilimia 63. Bajeti haijaongezeka hata senti moja lakini mji wako sasa unalipa milioni 18.9, yaani mchango umepanda asilimia 5 bila mtoto yeyote kuongezewa mwalimu. Kumbuka hiyo 5 tutairudia kwenye ushuru. Mikataba mingi inatumia wastani wa miaka kadhaa ili mji usipigwe ghafla, angalia kama wako una hiyo.

Cha pili ni gharama za majengo. Hizi zinagawanywa kivyake, na mikataba mingi ni ya zamani, iliandikwa wakati miji ilikuwa na watu tofauti kabisa. Mfano mzuri ni Whittier Tech iliyoko Haverhill, wilaya ya ufundi ya miji 11. January 2024 wapiga kura walikataa mradi wa jengo jipya wa takriban dola milioni 445, na moja ya malalamiko makubwa ya miji midogo ilikuwa ni ule mgawanyo wa gharama uliopo kwenye mkataba wa 1967, kwamba wanabebeshwa jengo ambalo watoto wao wachache ndio wanalitumia. Jengo lilikuwa linahitajika kweli na watoto bado walikuwa wanasoma kwenye lile kuukuu. Mkataba mbovu unaweza kuua hata mradi ambao kila mtu anaona haja yake.

Cha tatu, mji unajitoaje. Usifikiri haitokei. Minuteman, ambayo ni ya ufundi, ilipokuwa inapanga jengo jipya, miji kadhaa ilitoka, zikiwemo Sudbury, Wayland na Weston. Waliobaki walijenga na shule mpya ikafunguliwa 2019, lakini mtu aliyenunua nyumba kwenye mji uliojitoa akitegemea ile shule, hesabu yake ilibadilika.

Hatua ya 3: Angalia kura, na uangalie za miji yote

Bajeti ya wilaya ya pamoja haipitishwi na kamati ya shule peke yake. Lazima irudi kwenye miji, na miji mingi midogo hapa inaamua kwenye mkutano wa mji, watu wanakaa ukumbini jioni wanainua mikono au kadi. Sheria ya jimbo inataka theluthi mbili ya miji ikubali, na ikiwa ni miji miwili tu basi lazima yote miwili. Fanya hesabu ya wilaya unayoitaka. Wachusett ina miji mitano, kwa hivyo minne lazima ikubali, na Holden hata kama ina watu wengi kuliko wenzake haiwezi kupitisha peke yake. Nashoba ni mitatu, miwili ikikubali imepita na ule wa tatu analipa hata kama alikataa. Groton-Dunstable ni miwili, mmoja akikataa bajeti imeanguka, na Dunstable ni mji mdogo sana ukilinganisha na Groton.

Bajeti ikianguka kamati inarudi mezani inapunguza au inaomba tena. Ikifika July 1 hakuna bajeti, kamishna wa elimu anaweka ya muda, shule inaendeshwa kwa moja ya kumi na mbili kila mwezi, na ikifika December 1 bado, jimbo linashika usukani wa fedha. Kwa mzazi maana yake ni hii: walimu wapya wanapewa barua za kuachishwa kila mwezi wa tano wakisubiri kura, wazuri wanapata kazi kwingine hawarudi, na ile shule unayoisifu kwa namba 8 inavuja polepole bila namba kubadilika.

Sasa kura zenyewe utazipata wapi. Idara ya mapato ya jimbo ina kitengo cha huduma za serikali za mitaa, na databenki yake iko mtandaoni bure, ina kura zote za ovaraidi za kila mji, mwaka, kiasi, na matokeo. Ovaraidi ni nini? Tangu 1980 kuna sheria inaitwa Proposition 2½, inasema mji hauwezi kuongeza jumla ya ushuru wa mali kwa zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka, ukiondoa kile kinachotoka kwenye nyumba mpya na majengo mapya. Mji ukitaka zaidi ya hapo lazima uwaulize wapiga kura, na hiyo ndio ovaraidi. Sasa kumbuka ile 5 yetu. Mchango wa shule umepanda asilimia 5, mji unaruhusiwa 2.5 na kidogo, bima ya afya ya wafanyakazi imepanda, mafuta yamepanda. Hiyo tofauti itatoka wapi? Ni ovaraidi au ni kupunguza walimu, hakuna mlango wa tatu wa maana.

Chukua miaka 10 ya nyuma, kila mji kwenye wilaya, andika walipoomba na walivyopiga. Mimi naupenda mji ulioomba mara mbili ukapitisha moja ukakataa moja kuliko ule haujawahi kuomba kabisa, kwa sababu wa kwanza umeshazoea kuongea wazi kuhusu pesa na wa pili hujui siku ikifika utafanya nini. Lakini ukiona mji mmoja unapitisha kila mara na mwenzake anakataa kila mara, hapo ndio ugomvi wenyewe, na utauishi wewe.

Hatua ya 4: Hesabu ushuru wa miaka ijayo, huu wa leo hautoshi

Ushuru wa hapa unatajwa kwa kila dola 1,000 za thamani. Kiwango kikiwa 15 na nyumba ni 500,000, ni 7,500 kwa mwaka, yaani 625 kila mwezi juu ya mkopo. Benki inauingiza kwenye eskro, yaani akaunti inayokusanya ushuru pamoja na malipo yako ya mwezi, na ushuru ukipanda malipo yako ya mwezi yanapanda hata kama riba ya mkopo imefungwa kwa miaka 30. Nimeona familia zinashtuka mwaka wa pili kwa sababu waliambiwa riba haibadiliki wakaelewa malipo hayabadiliki.

Kuna aina mbili za kuongezewa na zina uzito tofauti. Ovaraidi ya kawaida ni ya kudumu, inaingia kwenye msingi na inakaa humo milele. Nyingine ni kura ya kutoa deni nje ya kile kikomo cha 2.5, mara nyingi kwa jengo la shule, hiyo inakaa mpaka deni liishe, mara nyingi miaka 20 au 30, halafu inaondoka. Jimbo linasaidia kulipa sehemu ya ujenzi kupitia Massachusetts School Building Authority, lakini sehemu ya miji inabaki kubwa. Kwa hivyo uliza swali moja rahisi: haiskuli imejengwa au kukarabatiwa lini? Ikiwa mpya, kama North Middlesex iliyofunguliwa 2017 au Pentucket iliyofunguliwa 2022, deni tayari limo kwenye ushuru unaouona. Ikiwa ni ya miaka ya sitini na paa linavuja, deni linakuja na wewe ndiye utalipa. Angalia kwenye tovuti ya hiyo mamlaka ya majengo kama wilaya imeshaingizwa kwenye foleni, imeandikwa hapo.

Kisha angalia akiba ya wilaya. Jimbo linaikagua na kuithibitisha, na sheria inasema ikizidi asilimia 5 ya bajeti ile ziada irudi kupunguza michango ya miji. Ikiwa iko karibu na sifuri na bajeti ya mwaka jana ilizibwa kwa akiba, jua mwaka huu hakuna tena cha kuziba. Hii habari utaisikia kwenye mkutano wa kamati ya fedha ya mji, na wengi wanarekodi wanaweka YouTube. Sikiliza ukiwa unapika au ukiwa njiani kwenda kazini, mkutano mmoja wa February au March utakufundisha mengi kuliko tangazo lolote la nyumba.

Na angalia nani mwingine analipa ushuru hapo. Mji wenye viwanda na maduka unagawana mzigo nao, mji wenye nyumba na misitu tu, nyumba ndizo zinabeba zote.

Hatua ya 5: Sasa fungua alama za shule, lakini zisome vizuri

Namba ya app inafuata sana kipato cha wazazi, hiyo mtu asikufiche. Nenda kwenye chanzo, tovuti ya idara ya elimu ya jimbo ina ukurasa wa kila shule na kila wilaya. Mtihani wa jimbo, unaoitwa MCAS, wanafanya darasa la 3 mpaka 8 na la 10, alama zinaanzia 440 mpaka 560 na 500 ndio kufikia kiwango. Wapiga kura waliondoa sharti la kufaulu MCAS ili kumaliza haiskuli November 2024, lakini mtihani bado upo na matokeo bado yanatolewa.

Angalia wangapi wamefika 500, sawa, lakini kisha tafuta kipimo cha ukuaji. Hiki kinamlinganisha mtoto na watoto wengine wa jimbo waliokuwa na alama kama zake miaka ya nyuma, kinatoka 1 mpaka 99, na kati ya 40 na 60 ni kawaida. Shule yenye alama kubwa na ukuaji wa 38 inapokea watoto walioandaliwa nyumbani na haiwasogezi sana. Shule yenye alama za kati na ukuaji wa 58 walimu wake wanafanya kazi. Mimi ningempeleka mtoto hiyo ya pili bila kusita, hasa mtoto ambaye mama na baba wote wako shifti na hakuna wa kukaa naye kwenye homuweki kila jioni.

Halafu ukurasa huo huo utafute watoto wanaofanana na wako. Matokeo yanagawanywa kwa rangi, kwa kipato, kwa wanaojifunza Kiingereza, kwa wenye mahitaji maalum. Saa ingine wilaya ndogo kundi ni dogo mpaka namba hazionyeshwi, na hiyo yenyewe imekuambia kitu.

Hatua ya 6: Mpime mtoto wako, si mtoto wa wastani

Kama mtoto amekuja juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale au Nyarugusu au Kakuma na Kiingereza bado, Lowell na Worcester wana idara nzima ya walimu wa Kiingereza cha wageni, wana wakalimani, wameshapokea mamia ya watoto kama yeye. Wilaya ndogo ya miji miwili inaweza kuwa na mwalimu mmoja anazunguka shule tatu kwa gari. Sheria inawataka wamhudumie, ndio, lakini uliza moja kwa moja: mna walimu wangapi wa lugha, mtoto atapata dakika ngapi kwa siku, na nikija mkutanoni nitapata mkalimani wa Kiswahili wa kweli au wa simu? Jibu likiwa la kuzungukazunguka umeshajibiwa.

Mtoto wa mahitaji maalum naye pia. Huduma ziko chini ya sheria popote utakapoenda, na ukihama wilaya mpya lazima impe huduma zinazolingana na mpango wake uliopo. Lakini wilaya ndogo mara nyingi zinategemea vituo vya kushirikiana nje ya wilaya, mtoto anapanda gari asubuhi kwenda mji mwingine kabisa. Kwa wengine ni baraka, kwa wengine ni upweke. Uliza programu gani iko ndani ya shule na ipi iko nje.

Na tuseme hili wazi kwa sababu tunaliongea sebuleni tu. Kuna shule mtoto wako atakuwa Mweusi peke yake darasani, labda kwenye daraja zima. Wengine wanastawi, wengine wanabeba kitu kizito ambacho hawatakuambia. Tovuti ya jimbo inaonyesha rangi ya wanafunzi, rangi ya walimu, na adhabu za kufukuzwa kwa muda zikigawanywa kwa rangi. Hiyo ya mwisho iangalie kwa makini. Watoto Weusi wakiwa wachache na bado wanaongoza kwa kufukuzwa, hakuna namba ya app itakayofidia. Na kabla hujatoa ofa mpeleke mtoto kwenye mechi ya Ijumaa au onyesho la muziki la shule, akae, atazame watu, kisha mwulize akiwa peke yake.

Hatua ya 7: Basi na shifti

Hapa wilaya za pamoja zina faida. Zinatakiwa kuwasafirisha wanafunzi wao, na jimbo linawarudishia sehemu ya gharama kwa wale wanaokaa zaidi ya maili 1.5 kutoka shule, wakati wilaya za mji mmoja nyingi zinatoza ada ya basi kwa madarasa ya juu. Lakini miji ni mipana, basi linaweza kuzunguka saa nzima, na basi la saa nane na nusu mchana halimsubiri mtoto wa mpira. Uliza kama kuna basi la pili la jioni. Kama hakuna na wewe unaingia kazini saa tisa mchana Lowell General au UMass Memorial, nani atamchukua? Mjini mtoto anatembea au anapanda basi la kawaida. Huko hakuna basi la kawaida. Uliza pia kama nyumba ni ya septiki, yaani ina tangi lake la maji taka, manake ukaguzi wake unafanywa wakati wa kuuza na matengenezo ni maelfu ya dola ambayo ungeweka kwenye chuo cha mtoto.

Hatua ya 8: Linganisha na pale ulipo

Sheria ya Student Opportunity ya 2019 ilielekeza pesa nyingi za jimbo kwenye wilaya zenye watoto wengi wa kipato cha chini, na Worcester na Lowell zimo. Worcester ilifungua South High mpya 2021 na Doherty mpya 2024. Kwa hivyo fanya hesabu hii: tofauti ya bei ya nyumba, pamoja na tofauti ya ushuru, pamoja na gari la pili na mafuta, kwa mwaka ni ngapi? Hiyo pesa ukiiweka kwa mwalimu wa ziada na kambi za kiangazi na chuo ingemfanyia mtoto nini? Saa ingine jibu bado ni kuhama, na uhame kwa amani. Saa ingine jibu ni kununua nyumba ya familia tatu pale pale Lowell, wapangaji wakusaidie mkopo, na mtoto aende Greater Lowell Tech.

Kuna pia mlango wa katikati. Jimbo lina mpango wa kuchagua shule nje ya wilaya yako, kila wilaya inaamua kila mwaka kama itapokea watoto wa nje na nafasi ngapi. Wilaya ndogo ambazo watoto wamepungua nyingi zinapokea. Huhitaji kununua nyumba huko, lakini usafiri ni juu yako.

Hatua ya 9: Ongea na watu wanaofaa

Ajenti wako usimuulize shule ni nzuri ama ni mbaya, atakwepa, na anakwepa kwa sababu sheria ya makazi ya haki ya 1968 inakataza kuwaelekeza wanunuzi huku au kule kwa rangi au asili yao, na mazungumzo ya shule yanateleza upesi kuingia huko. Yeye muulize bei, paa na septiki.

Shule waulize watu watatu. Katibu wa ofisi ya supritendenti, mwulize bajeti ya mwaka huu imepitishwa na miji yote au bado, na kuna mpango wa kufunga shule yoyote ya msingi, manake watoto wakipungua shule ndogo ndizo zinafungwa kwanza na nyumba uliyonunua karibu nayo inabaki mbali. Karani wa mji, mwulize ovaraidi ya mwisho ilikuwa lini na ijayo inaongelewa lini. Wa tatu ni mzazi wa kwetu aliye huko tayari, na wapo, uliza kwenye vikundi vya kanisa na vya nyumbani utampata, mwambie, "Dada, usinisifie, niambie kitu kimoja kinachokuudhi." Akikuambia ukweli mshukuru, amekuokolea pesa.

Ukishakamilisha ununuzi wa nyumba nenda ukamsajili mtoto mapema. Wanataka uthibitisho wa makazi, cheti cha kuzaliwa, na rekodi za chanjo zikiwa zimetafsiriwa kama ziko kwa Kifaransa au Kiswahili, na chanjo ndizo zinachelewesha wengi, kwa hivyo daktari wa watoto mwone kwanza. Kama siku ya kukamilisha ununuzi imesogea mpaka September na shule inaanza mwisho wa August, piga simu ofisi ya usajili uulize kama wanakubali mkataba wa kununua ulio na sahihi badala ya hati ya nyumba. Baadhi wanakubali. Jibu lao liombe kwa imeili.